Mombasa: Kisiwa cha Bandari Mbili

Kisiwa cha Mombasa kina milango miwili ya bahari. Wa mashariki unaelekea Mji wa Kale, ambako majahazi yalitia nanga kwa karne nyingi chini ya kuta za misikiti na nyumba za mawe. Wa magharibi ni Kilindini, na jina lake latosha kuueleza: ni mahali penye kilindi, maji marefu yanayostahimili meli kubwa. Historia ya uchumi wa mji huu ni historia ya kuhama kutoka mlango mmoja kwenda wa pili, na ya watu waliojikuta, baada ya kuhama huko, wakiishi kando ya mali isiyokuwa yao.

Ibn Battuta alipofika Mombasa mwaka 1331 alikuta kisiwa chenye ndizi, ndimu na samaki, na watu wacha Mungu wenye misikiti iliyojengwa kwa mbao kwa ustadi. Aliandika pia kwamba wenyeji hawakulima nafaka, bali waliletewa kutoka bara. Maneno hayo machache yana uzito. Tangu hapo kisiwa hakikujitosheleza kwa chakula; kiliishi kwa kuwa kiungo baina ya wenye shehena na wenye kuitaka. Pepo za kaskazi zilileta vyombo kutoka Arabuni, Ghuba na Bara Hindi, navyo vilisheheni tende, nguo, vyombo vya kaure na shanga. Kusi iliporudi, vyombo hivyo viliondoka na pembe za ndovu, boriti, nta na nafaka. Baina ya pepo hizo mbili nahodha alihitaji pa kulala, maji ya kunywa, fundi wa kutengeneza chombo na mdhamini wa kumkopesha. Mji ulikula kutokana na haja hizo.

Bidhaa za bara zilikuja kwa mikono ya Wamijikenda. Koo za mjini, ambazo baadaye zilijulikana kuwa Thenashara Taifa, zikiwa zimegawanyika katika Miji Tisa na Thelatha Taifa, zilikuwa na urafiki na masikilizano na makabila ya bara. Waliokuwa na masikilizano hayo ndio waliopata pembe na nafaka, na kwa hiyo nguvu ya mji haikuwa bandarini peke yake. Mtawala aliyekosana na bara alipata bandari yenye maji na isiyo na shehena.

Jambo hilo Wareno walilitambua kwa kuchelewa. Vasco da Gama alifika mlangoni mwa Mombasa Aprili 1498, akahofia hila, akaenda Malindi alikopokewa vyema. Mwaka 1505 Francisco de Almeida aliupiga mji na kuuchoma, na mwaka 1528 Nuno da Cunha akaupiga tena. Kila mara watu walirejea na kujenga upya, kwa kuwa moto hauondoi bandari. Mwaka 1593 Wareno walianza kujenga Ngome ya Yesu kwa ramani ya Mtaliana Giovanni Battista Cairati, wakamhamisha Sultani wa Malindi aje kutawala Mombasa chini yao. Ngome ile ililinda mlango wa bandari, na pia ililinda forodha. Makapteni wake walitaka vyombo vipite mbele yao na kulipa, na ugomvi baina yao na masultani juu ya mapato haukukoma. Sultani Hasan aliuawa mwaka 1614. Mwanawe Yusuf alipelekwa Goa akabatizwa, akarudishwa kutawala, na mwaka 1631 akawageukia Wareno na kuiteka ngome. Wareno walirudi, lakini mwaka 1696 Waarabu wa Oman waliizingira ngome kwa miezi 33 hadi ilipoanguka Desemba 1698.

Chini ya Mazrui, waliokuja kuwa maliwali wa Oman na hatimaye watawala wenye kujitegemea, Mombasa ilipata muda wa kuamua mambo yake. Kisiwa cha Pemba kiliwapa chakula. Pemba ilipowatoka katika miaka ya 1820, udhaifu ule alioutaja Ibn Battuta ulijitokeza upya: mji usiolima wahitaji shamba la mbali, na aliyelishika shamba ameushika mji. Seyyid Said aliitwaa Mombasa mwaka 1837. Tangu hapo biashara kubwa ilielekezwa Unguja, na Mombasa ikawa bandari ya pili.

Kilichogeuza uso wa kisiwa ni reli. Uingereza ilitangaza himaya yake mwaka 1895, na mwaka uliofuata vyuma vilianza kutandikwa kutoka Mombasa hadi vikafika Kisumu Desemba 1901. Wafanyakazi zaidi ya 30,000 waliletwa kutoka Bara Hindi, na wapatao 2,500 hawakuishi kuona mwisho wa kazi. Reli haikuanzia Mji wa Kale. Ilianzia upande wa Kilindini, kwenye maji marefu na ardhi iliyokuwa mashamba na makaburi ya wazee. Bei ya ardhi ilipanda, na wengi waliuza kabla ya kufahamu thamani ya walichokiuza. Sheria ya Hati za Ardhi ya mwaka 1908 ilimtaka kila mwenye dai kulithibitisha. Ardhi isiyodaiwa ilihesabiwa kuwa mali ya Taji. Watu waliomiliki kwa ushahidi wa jirani na kumbukumbu za ukoo walijikuta wakishindana na karatasi. Makao ya utawala nayo yalihamia Nairobi mwaka 1905, na maamuzi kuhusu bandari yakaanza kufanywa mbali na bahari.

Kwa miaka mingi shehena ya meli kubwa ilishushwa kwenye matishari kabla ya kufika nchi kavu. Mwaka 1926 magati ya kwanza ya maji marefu yalikamilika Kilindini, na meli zikaweza kufunga kamba ufukoni. Kazi ya mikono iliongezeka badala ya kupungua. Mabunda ya pamba, magunia ya kahawa, katani na magadi vilibebwa na watu walioajiriwa kwa siku. Neno kibarua lenyewe ni kumbukumbu ya utaratibu huo: ni kile kikaratasi ambacho mfanyakazi aliandikiwa siku zake. Siku isiyo na meli haikuwa na ujira, ijapokuwa kodi ya chumba cha Majengo haikujua kalenda ya meli.

Mwaka 1939 wafanyakazi wa mji waligoma. Januari 1947 waligoma tena, watu wapatao 15,000, na mji ukasimama: bandari, reli, hoteli na majumba ya matajiri. Katika mgomo huo kilizaliwa chama kilichoongozwa na Chege Kibachia, ambaye serikali ilimkamata na kumhamisha mbali na Mombasa mwaka huohuo. Lakini somo lilikuwa limefahamika. Katika miaka ya 1950 wapakuzi walianza kuandikishwa, ujira wao ukapanda, na kazi ya gatini ikawa miongoni mwa kazi za mikono zilizolipa vyema. Kijana wa bandari sasa aliweza kuoa na kusomesha kwa mshahara wake. Haki hiyo ilipatikana kwa kusimamisha kazi pale ambapo nchi nzima ililazimika kuona.

Baada ya Jumuiya ya Afrika Mashariki kuvunjika mwaka 1977, bandari iliwekwa chini ya mamlaka ya Kenya peke yake. Kisha likaja kasha la chuma. Shehena iliyohitaji mikono mingi kwa siku nyingi sasa huinuliwa na winchi moja kwa dakika chache. Mwaka 2014 bandari ilipitisha kwa mara ya kwanza makasha zaidi ya milioni 1 ya kipimo cha futi 20, na mwaka 2024 idadi ilivuka milioni 2. Uganda, Rwanda, Kongo na Sudan Kusini huagiza kupitia hapa. Mali inayopita imezidi sana. Idadi ya mikono inayoigusa haikuzidi kwa kadiri hiyo.

Ndiyo sababu amri ya mwaka 2019 ilizua ghadhabu. Reli mpya ya Mombasa hadi Nairobi ilikuwa imefunguliwa Mei 31, 2017, kwa mkopo wa Uchina, nao ulihitaji shehena ili ulipike. Serikali iliagiza makasha yapelekwe kwa treni na kutolewa ushuru Nairobi. Mawakala wa forodha, wenye malori, wenye yadi za makasha, mafundi wa magurudumu na mama ntilie wa kandokando ya barabara hadi Mariakani waliona riziki ikiondoka juu ya vyuma. Watu waliandamana, na Oktoba mwaka huo amri ikasimamishwa. Septemba 2022, siku ya kuapishwa kwake, Rais William Ruto aliagiza shughuli za kutoa mizigo zirejeshwe Mombasa.

Amri iliyorejeshwa kwa kauli yaweza kuondolewa kwa kauli, na hapo ndipo pana shaka ya wenyeji. Kapteni wa ngome alitaka vyombo vipite mbele yake. Mkuu wa reli wa kikoloni alitaka ardhi ya Kilindini. Mwenye deni la reli mpya ametaka makasha. Kila mmoja alikuwa na hesabu yake, na katika hesabu hizo mji uliwekwa mwisho. Lililowasaidia wenyeji, kila waliposaidika, ni kupatana wao kwa wao na kupatana na bara: koo za mji na Wamijikenda katika zama za pembe, makuli wa makabila mbalimbali mwaka 1947, madereva na mawakala mwaka 2019.

Upande wa mashariki, Bandari ya Kale bado ina vyombo vichache na mahamali wanaobeba magunia begani. Upande wa magharibi winchi zafanya kazi usiku kucha chini ya taa. Mwendo wa miguu kutoka upande mmoja hadi wa pili hauchukui saa moja, na njiani ndimo wanamoishi watu wa Mombasa.