Macho ya Akko, Kipimo cha Wengine

Nyanya yangu, ambaye sisi wajukuu tulimwita akko, alikuwa na macho makubwa yaliyotokeza. Alizaliwa nayo, na majirani wa Chechelesi, Isiolo, walimsifia. Uzeeni alipoanza kuumwa kichwa nilimpeleka hospitali moja mbali na Isiolo. Daktari alimwekea kipimo usoni, akasoma milimita 22, akasema macho yanasukumwa nje na ugonjwa wa tezi ya shingo. Damu ilipimwa mara tatu, ikatoka safi kila mara. Mbuzi wawili waliuzwa kulipia safari hiyo.

Mimi hupiga picha za eksirei na skani. Niliposomea kazi hii ndipo nikajua kosa lilianzia wapi.

Kipimo kile ni cha Mjerumani Hertel, cha mwaka 1905. Huegemezwa kwenye mfupa wa ukingo wa nje wa kila jicho, na vioo vidogo huonyesha jicho limetokeza milimita ngapi. Chombo chenyewe hakina ubaya. Ubaya ulikuwa kwenye namba za kulinganishia, kwani kwa muda mrefu zilitokana zaidi na nyuso za Wazungu. Mwaka 1984 watafiti wa Marekani waliwapima weusi na weupe kila kundi peke yake. Kwa mwanamke mweupe, ukomo wa uzima ulifika milimita 20.1, kwa mwanamke mweusi, 23.0. Kwa namba hiyo, akko alikuwa mzima.

Kuona kilicho nyuma ya jicho, kinacholisukuma nje, kulichelewa. Eksirei, aliyoigundua Röntgen mwaka 1895, ilionyesha mfupa wa tundu la jicho, lakini misuli haikuonekana. Mwaka 1956, huko Cape Town, Allan Cormack, mzaliwa wa Johannesburg, alikuwa akisimamia kazi za mionzi hospitalini alipoanza kutafuta hesabu ya kuonyesha mwili kipande kwa kipande. Mashine ya kufanya hivyo, skani ya CT, ilitengenezwa na Mwingereza Godfrey Hounsfield, na mgonjwa wa kwanza alipigwa picha London tarehe 1 Oktoba 1971. Wawili hao waligawana Tuzo ya Nobel mwaka 1979.

Kwenye skani ya CT mfupa huwa mweupe, mafuta yaliyo nyuma ya jicho huwa meusi, na misuli hukaa kijivu katikati ya weusi huo. Ninapoigeuza picha nikautazama uso kwa mbele, naona misuli minne iliyonyooka imeuzunguka mshipa wa fahamu wa jicho, kila mmoja na unene wa milimita tatu hadi sita hivi. Katika ugonjwa ule wa tezi alioueleza Robert Graves wa Dublin mwaka 1835, tumbo la msuli hufura, na mara nyingi kano inayoshika jicho hubaki nyembamba. Kufura huko hakujulikani bila kujua msuli mzima una unene gani. Mfugaji yeyote anayeleta ngamia mnadani Isiolo ananielewa: mgonjwa humtambua kwa sababu wazima amewaona maelfu.

Wazima wenyewe walipatikanaje? Si halali kumpiga mtu mionzi bure, kwa hiyo watafiti walichukua picha za waliopigwa skani kwa sababu nyingine, macho yao yakiwa hayana tatizo, wakapima msuli mmoja mmoja. Mashine ya MRI, isiyotumia mionzi, ilipokuja ikaondoa hofu hiyo, ila ni ghali.

Nasi tunaweza kufanya hivyohivyo kwa nyuso za watu wetu. Kijana aliyeanguka na bodaboda anapopigwa skani ya kichwa na uso, macho yake yamo humo humo, na picha ikishasomwa huhifadhiwa. Wenzangu mnaopiga picha Isiolo, Marsabit na Garissa, ombeni ruhusa ya kamati ya maadili. Macho yakiwa mazima, pimeni ile misuli minne na mafuta yanayoizunguka, mwandike umri na jinsia bila jina. Mama mwingine wa Chechelesi atakapokalishwa mbele ya kipimo, alinganishwe na watu wake.