Uyoga hauchipuki 'kama uyoga': Historia ya neno moja lililobeshwa mzigo mkubwa

Fungua gazeti lolote la Kiswahili na hutakosa usemi huu: vyuo bandia vimechipuka kama uyoga, zahanati zisizo na leseni zimechipuka kama uyoga. Maana yake ni kitu kilichozuka ghafla, hakina asili wala mpango. Wanafunzi wangu wanaupenda mno. Mimi nina kesi nao.

Aliyeutunga, nadhani, aliuona uyoga asubuhi wala hakuuliza ulikolala. Chukua uyoga unaoota kwenye vichuguu. Mwaka wa 1942 mtaalamu Mfaransa, Roger Heim, aliupa ukoo wake jina la kisayansi Termitomyces, yaani kuvu wa mchwa. Mchwa hukusanya majani makavu na vipande vya miti, wakajenga bustani chini ya ardhi na kuotesha kuvu humo ili wapate chakula. Mvua zikinyesha, kuvu hao husukuma shina refu juu hadi likatoboa udongo. Tunachochuma ni tunda tu. Kazi yenyewe imeendelea gizani kwa miaka. Sasa hicho ni kitu kilichozuka ghafla kweli?

Wazee wetu walilijua hili kabla ya Heim. Huko Magharibi mwa Kenya nilikolelewa, nyanya alikuwa na vichuguu vyake. Alijua kipi hutoa uyoga na katika mvua zipi, na hakuchuma kwingine. Alikuwa akituagiza tusikate shina kwa juu, bali tulifukue taratibu mpaka chini. Ukifika kwenye mzizi mrefu unaoelekea kwa mchwa, umeutambua. Ukikosa mzizi, achana nao.

Jina nalo lina umri. Sisi Waluhya husema obwoba. Wabemba wa Zambia husema ubowa, Wachewa bowa, Washona howa. Yaweke maneno hayo kando ya uyoga na utaona mfanano ambao mwanaisimu hawezi kuuita bahati nasibu. Wajaluo, ambao si Wabantu, husema obwolo. Waganda wanasema obutiko, na wana ukoo mzima, Butiko, ambao mwiko wake ni uyoga. Vile vidogo vyeupe vinavyoota kwa mamia wamevipa jina la peke yake: obubaala.

Hapa ndipo penye hoja yangu. Lugha hizo zina jina la jumla na majina ya aina mojamoja. Kiswahili Sanifu je? Uyoga. Unaoliwa ni uyoga, unaoua ni uyoga, unaouzwa kwenye duka kuu ni uyoga.

Sababu ni ya kihistoria. Mkutano wa Mombasa wa 1928 uliteua Kiunguja kiwe msingi wa usanifishaji, na mwaka wa 1930 Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki ikaanza kazi. Unguja ni kisiwa cha matumbawe na minazi. Mvuvi wake atakutajia changu, tasi, pono, chewa, nguru na kolekole bila kuvuta pumzi, na majina hayo yote yakaingia kamusini. Lakini uyoga mwingi wa Afrika Mashariki haukai ufukweni. Unakaa kwenye misitu ya miombo ya Tabora na Nyanda za Juu Kusini mwa Tanzania, ambako kuvu huishi kwa kushikana na mizizi ya miti, na kwenye vichuguu vya bara. Waliokuwa na majina hayo hawakuulizwa.

Utasema, Profesa, hayo ni mambo ya kamusi tu. Hapana. Pengo hili linaweza kuua mtu.

Pasipo na majina, watu hutafuta kanuni za mkato. Ati uyoga ulioliwa na wadudu ni salama. Ati ukitia kitunguu sufuriani kisigeuke rangi, kula tu. Yote ni uongo. Sumu ya Amanita phalloides, uyoga wa Ulaya uliosafiri na miche ya miti hadi mabara mengine, Afrika ikiwemo, haiishi kwa kupikwa. Mlaji huanza kutapika na kuhara baada ya saa 6 hadi 24, kisha hupata nafuu ya uongo huku ini likiharibika.

Wala usidhani kwamba jamaa wote wa Amanita ni wauaji. Wabemba humla mmoja wao kwa raha, wakimwita tente, ingawa ana kile kikombe kwenye kitako ambacho vitabu vya Ulaya hukitaja kama dalili ya hatari. Kanuni ya jumla ingemnyima Mbemba chakula chake, na kumuua mgeni aliyemwiga bila kufunzwa. Kinachookoa ni jina, pamoja na mtu anayelijua jina hilo.

Kazi hii inawezekana. Mtaalamu wa mimea wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Leonard Mwasumbi, pamoja na wenzake Wafini, Marja Härkönen na Tuomo Niemelä, walitoa kitabu kuhusu uyoga wa Tanzania mwaka wa 2003, baada ya kuwauliza wanavijiji wanachuma nini na wanauitaje.

Sisi huku Kenya tunangoja nini? Idara za Kiswahili na za botania ziko chuo kimoja, na mara nyingi hata hazisalimiani. Tuwatume wanafunzi pamoja, wakae na nyanya zao msimu ujao wa mvua, waandike majina, wapige picha, wapeleke vielelezo kwa wataalamu. Majina yanayofaa tuyaingize katika Kiswahili, kama tulivyochukua matoke na githeri bila kuona haya.

Msomaji mpenzi, kama kwenu yupo mzee anayejua vichuguu, mwulize mwaka huu. Na ukiandika kuhusu vyuo bandia, tafuta mfano mwingine.