Kisanduku

Kisanduku ni sanduku lililopunguzwa kwa kiambishi ki-. Wingi wake ni visanduku. Sanduku lenyewe lilitoka Kiarabu, na kwa wengi ni chombo cha kufungia nguo au kutumbukizia kura. Kwenye kompyuta, kisanduku cha maandishi ni mstatili mtupu unaongoja herufi.

Mfano mzuri uko katika Matplotlib, maktaba ya kuchora grafu kwa lugha ya Python, iliyoanzishwa na John D. Hunter. Vitufe na vitelezi ilikuwa navyo mapema. Kisanduku cha maandishi kiliongezwa katika toleo la 2.1, mwaka 2017. Mtumiaji huandika, tuseme, fomula ya hesabu, akabonyeza Enter, na programu huchora mkunjo upya.

Kazi yake ni nzito kuliko umbo lake. Maktaba hii hukichora kisanduku yenyewe, pamoja na kile kistari kinachoonyesha herufi ijayo itaangukia wapi. Tena katika dirisha la grafu herufi zina kazi nyingine: kwa kawaida s huhifadhi mchoro, q hulifunga dirisha. Kwa hiyo, mtu anapoandika, njia hizo za mkato husimamishwa kwanza. La sivyo, neno “saa” lingefungua ombi la kuhifadhi faili.

Wapo wanaosema “boksi”, nalo laeleweka. Kisanduku kinafaa zaidi, kwa kuwa ki- hutaja udogo wake na kukiweka katika ngeli moja na kitufe na kitelezi.