Nakala na Asili

Karibu na mji wa Sori, kwenye ghuba ya Karungu ukingoni mwa Ziwa Victoria, ardhi imehifadhi mifupa ya wanyama waliokufa zaidi ya miaka milioni 15 iliyopita. Mwaka 1911 alifika huko Felix Oswald, mtaalamu wa miamba kutoka Uingereza, kuichimba mifupa hiyo, kwa kuwa ilikwisha kujulikana kwamba mahali pale palipatikana masalio ya mnyama wa jamaa ya tembo, ambaye pembe zake zilichomoza katika taya la chini na kupinda kuelekea ardhini. Mtaalamu wa leo aweza kuyashika meno ya wanyama hao wa Karungu na kueleza walikula nini.

Lakini ingia katika nyumba za mji huohuo, uombe kuonyeshwa ukanda wa video wa harusi au wa maziko uliopigwa mwaka 1999 au 2003. Utaletewa kaseti nyeusi iliyotunzwa kabatini kwa heshima. Na ikitiwa katika deki, kama deki ingaliko na ingali nzima, utaona watu wasio na nyuso. Leso nyekundu ya mama aliyekaa mstari wa mbele imemwagika nje ya mipaka yake kama wino uliopatwa na maji. Mashua zaonekana ufukweni nyuma ya wageni, lakini majina yaliyoandikwa ubavuni mwake hayasomeki. Imepita miaka michache tu zaidi ya 20, na ushahidi umekwisha kufifia.

Watu wengi husema kwamba huo ni uzee wa ukanda. Hapana shaka uzee upo, na joto na unyevu wa ziwani huotesha ukungu juu ya kanda zisizofunguliwa. Hata hivyo, sehemu kubwa ya upofu ule ilikuwamo tangu siku ile mwenye harusi alipokabidhiwa kaseti yake. Jambo hili lina historia yake, na mwanafunzi wa historia yampasa kuijua, kwa sababu kanda hizi ni hati za zama za wazazi wake, kama vile barua na madaftari ya kodi yalivyo hati za zama za babu zake.

Mashine ya kwanza iliyofaa kuandika picha za televisheni juu ya ukanda wa sumaku ilionyeshwa na kampuni ya Ampex mjini Chicago mwezi wa Aprili 1956. Ukanda wake ulikuwa na upana wa inchi 2, na bei yake haikuwezwa ila na vituo vya utangazaji. Miaka 20 baadaye, mwaka 1976, kampuni ya JVC ya Japani ilitoa mtindo uitwao VHS, wenye ukanda wa nusu inchi ndani ya kaseti ambayo hata mtoto aliweza kuitia katika mashine. Katika nchi zetu mtindo huu ulifanya kazi kubwa kuliko ilivyotazamiwa na waliouunda. Kenya ilikuwa na televisheni tangu 1962 na Zanzibar tangu 1973. Bali Tanzania Bara haikuwa na kituo chake mpaka 1994, na kwa miaka mingi kabla ya hapo mtu wa Dar es Salaam aliyemiliki televisheni aliinunua zaidi kwa ajili ya kanda za video. Katika mji huo ndiko alikopata sifa Derek Gasper Mukandala, aliyejulikana kwa jina la Lufufu, ambaye alitia sauti yake ya Kiswahili juu ya filamu za kigeni. Picha za nakala zake zilikuwa hafifu kuliko za kanda alizonakilia, lakini zilikuwa na kitu ambacho asili haikuwa nacho. Nalitaja hili ili msomaji asidhani kwamba kunakili ni hasara tupu.

Wepesi wa VHS ulikuwa na gharama. Ili saa 3 za picha zienee katika kaseti moja, iliwapasa watengenezaji kuacha baadhi ya habari zilizomo katika picha, na habari zilizoachwa ni zile za mambo madogomadogo: unywele, kope, herufi, ufito wa paa. Rangi nayo ilisongwa mahali pembamba zaidi. Ukichora mistari iliyosimama, myeusi na myeupe, VHS huweza kuitenga kiasi cha 240 tu katika upana ulio sawa na urefu wa picha. Ikizidi hapo, huchanganyika na kuwa kijivu.

Mwaka 1995 zilianza kuuzwa kamera za dijitali za mtindo wa DV, zenye kaseti ndogo iliyotosha kiganjani, nazo ziliweza kutenga mistari karibu 500. Zilipofika mikononi mwa wapiga picha wa miji yetu zilionekana kama muujiza. Kila picha moja iligawanywa katika nukta 720 kwa upana na 576 kwa urefu, na picha 25 zilipigwa kila sekunde.

Hapa yatupasa kusimama kidogo tuone tofauti ya namna hizi mbili za kuandika, maana ndipo ulipo mzizi wa jambo lenyewe. Katika VHS nguvu ya umeme hupanda na kushuka kwa kufuata mwanga na giza la picha, na ukanda huandikwa mawimbi yanayofuata mwendo huo. Vumbi, mtikisiko wa ukanda au mvumo wa waya ukiingia katika mawimbi hayo, mashine haina njia ya kujua kipi ni picha na kipi ni mvumo. Hunakili vyote kwa uaminifu uleule. Katika DV kinachoandikwa ni tarakimu, sifuri na moja. Sifuri ikiwa imechafuka kidogo, maadamu yatambulikana kuwa ni sifuri, mashine huiandika upya ikiwa safi.

Mfano wake tunao katika fasihi yetu wenyewe. Kitabu cha habari za wafalme wa Pate, inasemekana, kilipotea mwaka 1890 Waingereza walipoushambulia mji wa Witu. Habari zenyewe hazikupotea, kwa kuwa zilikwisha kunakiliwa au zilisimuliwa na wazee, na C. H. Stigand na Alice Werner walizichapisha kabla ya vita vikuu vya kwanza kwisha. Mwandishi wa nakala, hata akiwa na hati mbaya, akiiandika mimu ni mimu. Mwenzake ataisoma na kuiandika vema tena. Lakini mpe mtu picha ya uso aifuatishe kwa kalamu, kisha mwingine afuatishe kazi ya yule, na wa tatu afuatishe ya wa pili: hao wote wakiwa mafundi, uso wa mwisho hautakuwa wa mtu yule. DV yafanana na herufi. VHS yafanana na kufuatisha picha.

Basi, kwa nini watu waliokuwa na kamera njema namna ile waliihamisha kazi yao kwenye VHS? Jibu halimo katika ufundi, limo katika sebule. Mteja hakuwa na mashine ya DV. Alikuwa na deki ya VHS, au jirani yake alikuwa nayo. Mpiga picha aliunganisha kamera na deki kwa waya mmoja wa manjano, ambao ndani yake mwanga na rangi hupita vimechanganywa pamoja, akaketi kungoja saa 3. Nusu ya mistari ile 500 ilipotea katika safari hiyo moja. Wengine, ili kupunguza gharama, walipunguza mwendo wa ukanda nusu, kaseti ya saa 3 ikabeba saa 6, na picha ikapungua tena. Kisha shangazi wa Homa Bay alitaka nakala, na kaka wa Nairobi akataka. Nazo zilitolewa katika kaseti ya familia, si katika ile ya kamera. Hiyo yetu ya kabatini huenda ni kizazi cha tatu au cha nne.

Na kaseti ya kamera? Ilikuwa ghali, na Jumamosi iliyofuata palikuwa na harusi nyingine. Wapiga picha wengi waliifuta na kuitumia tena. Siwalaumu; mtu hupika kwa sufuria aliyo nayo. Lakini matokeo yake ni kwamba, kwa miaka ile yote, asili iliyo bora imekufa, na kilichobaki ni nakala yake iliyo dhaifu.

Siku hizi kaseti hizo huhamishwa kwenye kompyuta, na wako waaminio kwamba kwa kuwa kompyuta ni ya dijitali, picha itarudi kama ilivyokuwa. Haitarudi. Tarakimu zitahifadhi ukungu ule kwa usahihi mkubwa, usizidi wala usipungue. Faida ni kwamba upotevu husimama hapo, na ni faida kubwa, kwa kuwa kampuni ya Funai ya Japani, iliyokuwa ya mwisho kuunda deki za VHS, iliacha kazi hiyo Julai 2016.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kutafuta kaseti iliyo karibu zaidi na asili. Mwaka mmoja wanachuo wetu walileta kanda mbili za harusi moja. Wa kwanza ulikuwa na rangi njema, lakini mwanzo wake ulikuwa umefutwa na mchezo wa mpira. Wa pili, ulionakiliwa kutoka katika ule wa kwanza kabla ya mpira kuandikwa, ulikuwa hafifu mno, ila ulikuwa na mwanzo wote: mzee amesimama mlangoni akihesabu jamaa waliofika, ukoo kwa ukoo. Uso wake haukutambulikana kabisa. Sauti ilisikika vizuri, na tuliandika majina yote aliyoyataja.