Kaske ndani ya kaske

Fundi wa redio alikuwa amekaa chini ya turubai, hapa Naviundu, Lubumbashi, kalamu ya kulehemu mkononi. "Leta kaske," akamwambia mdogo wake. Mdogo akaingia ndani, akatoka na kofia ya pikipiki. "Hapana, kaske ya kusikia!" Akarudi ndani akinung'unika, na safari hii akaja na kile chenye waya, sponji za masikioni na kijiti cha mikro.

Nilicheka, lakini si sana, maana mfukoni nilikuwa na karatasi zilizonishinda kwa neno hilohilo. Nilikuwa nimepewa kazi ya kutafsiri maelekezo ya kufunga chombo cha redio ndani ya barakoa ya peintiboli, ule mchezo wa timu mbili kuwindana kwa vidonge vya rangi. Ulianza Marekani, katika jimbo la New Hampshire, mwaka 1981. Kidonge kina upana wa milimita 17 hivi, na viwanja vingi haviruhusu bunduki ikirushe kwa zaidi ya mita 91 kwa sekunde. Kwa mwendo huo jicho halina bahati, ndiyo maana mchezaji havui barakoa kiwanjani kwa sababu yoyote ile. Wenzake wako nyuma ya magogo, hawamwoni, na akipiga kelele adui naye anasikia. Basi redio.

Sisi watu wa Lubumbashi neno kaske tulilipokea kutoka Kifaransa likiwa tayari na mizigo miwili. Kwa Wafaransa lilikuwa kofia ya askari kwanza. Vilipokuja visikilizio vyenye utepe wa kupita juu ya kichwa, jina likahamia huko nako. Mmarekani Nathaniel Baldwin aliviuza vya kwake kwa jeshi la majini la nchi yake mwaka 1910, mwaka uleule mji wetu ulipoanzishwa kwa jina la Élisabethville. Kwenye kiwanda cha kuyeyusha shaba kaske ni ya kuzuia kichwa kisipasuke. Kwa kijana wa muziki ni ya kuziba kelele za dada zake. Mtaani hakuna anayepotea, kwa sababu tunaongeza mkia: kaske ya moto, yaani ya pikipiki, ao kaske ya kusikia. Lakini jaribu kuandika maelekezo ya kuingiza kaske ndani ya kaske, maana barakoa nayo ni kaske ya aina yake, uone.

Nikakimbilia Kiswahili cha vitabuni. Kofia ngumu, sawa, hiyo imetulia. Kwa chombo chenyewe nikakuta "vipokea sauti vya kichwani", jina refu linalosahau kwamba mtu anasema pia. Wengine huandika "vichwa vya sauti", na hapo mimi huona vichwa kadhaa vimepangwa mezani vikiimba. Mikro nayo ina balaa lake. "Kipaza sauti" ni kile cha kusemea na pia ni lile boksi linalopiga kelele harusini. Sasa mwambie mchezaji aweke kipaza sauti karibu na shavu, atajuaje kama ni cha kusemea ama cha kusikia?

Jibu nililipata nilipoacha kamusi nikamtazama fundi akifanya kazi. Jambo la kwanza alilofanya ni kuung'oa utepe wa kichwani. Ndani ya barakoa hauna nafasi: mikanda ya barakoa imeshika kisogo, na utepe ukipita chini yake unaiinua, kioo kinaacha uso, kinga imekwisha. Kikombe cha sponji kikabanwa kati ya sikio na ngao ya sikio, waya ukafuata mkanda hadi nyuma ya shingo, ukashuka mgongoni. Barakoa haitobolewi. Mikro akaiweka pembeni ya mdomo, karibu na shavu, si mbele yake, maana pumzi ikiipiga moja kwa moja mwenzako anasikia upepo tu, na mate yakiingia inakufa baada ya siku chache. Kwa sababu ya pumzi hiyohiyo ule mtindo wa redio kujiwasha yenyewe ikisikia sauti huzimwa: mtu anayekimbia huhema, na kila akihema redio inafungua njia na kuwazibia wengine. Kinabaki kifungo, kifuani au kwenye bunduki, pale kidole kinapofika bila kutafuta.

Kwa hiyo sehemu iliyokipa chombo jina la kichwa, kwa Kiingereza na kwa Kifaransa, ndiyo ya kwanza kutupwa. Kinachosalia ni sikio, kinywa na kidole. Istilahi yoyote iliyojengwa juu ya kichwa inataja kitu ambacho hakipo tena.

Wazee wetu wa simu za waya walisema mkono wa simu kwa kile tulichokishika, na ilifaa kwa kuwa kweli kilishikwa. Mimi nimechagua njia ya vitenzi. Mahali pa kusikilizia ni kisikilizio, mahali pa kusemea ni kisemeo, kama kifungio na kiegemeo, na hakuna anayehitaji kufafanuliwa. Chombo kizima nimekiita "kisikilizio chenye kisemeo" kinapotajwa mara ya kwanza, kisha kisikilizio basi. Kaske nimeiachia kofia, hata kama mtaa mzima utanikatalia.

Nilimsomea fundi sentensi moja: "Ondoa utepe, kisha bana kisikilizio chini ya ngao ya sikio." Akapuliza moshi wa kulehemu kwenye waya, akafikiri.

"Eeh, nimesikia. Njo kaske ya kusikia na kusema," akasema, akamwita mdogo wake alete kaske ya pili.

Mdogo akauliza, gani?