Malalamiko Yasiposikilizwa

Leo nawaletea habari ya chuo kikuu kimoja cha Marekani. Musiseme kwamba ni mbali. Musikilize kwanza.

Mwaka 1890 serikali ya Marekani ilitoa sheria: jimbo linalopokea feza za vyuo vya kilimo na ufundi lisibague weusi, ao liwafungulie chuo chao. Jimbo la North Carolina lilichagua njia ya pili. Ndivyo kilivyozaliwa, mwaka 1891, chuo kinachoitwa leo North Carolina A&T, ambacho leo kiko katika mji wa Greensboro. Kilizaliwa juu ya ubaguzi, lakini ndani yake vijana weusi walipata elimu, na pia mahali pa kuwaza pamoja.

Mwaka 1960 wanafunzi wanne wa mwaka wa kwanza, Ezell Blair, Franklin McCain, Joseph McNeil na David Richmond, walizoea kuzungumza usiku bwenini. Walichoka kulalamika tu. Tarehe 1 Februari walivaa vizuri, wakaenda katika duka la Woolworth. Walinunua vitu vidogo, wakachunga karatasi za malipo. Kisha waliketi kwenye meza ya chakula, mahali ambapo weusi hawakuruhusiwa kukaa, wakaomba kahawa. Wakanyimwa. Hawakutukana, hawakupiga mtu. Walibaki wameketi mpaka duka likafungwa. Muone busara yao: ile karatasi ilikuwa ushahidi kwamba feza zao zilipokelewa upande mmoja wa duka, na wao wenyewe walikataliwa upande wa pili.

Kesho yake walikuja zaidi ya 20. Juma lile lile wakawa mamia, pamoja na wasichana wa chuo cha Bennett na wazungu wachache. Mkuu wa chuo, Warmoth Gibbs, hakuwafukuza. Wanafunzi walikubali kusimama kidogo ili wazungumze na wakubwa wa mji. Mazungumzo yaliposhindikana, walirudi kuketi mwezi wa Aprili. Walipokwenda likizo, vijana wa shule ya sekondari ya Dudley walishika zamu. Tarehe 25 Julai meza ile ilifunguliwa kwa weusi.

Lakini mwezi wa Mei 1969, katika shule hiyo hiyo ya Dudley, kijana mmoja alikatazwa kuwa mgombea katika uchaguzi wa wanafunzi. Wenzake walimpigia kura kwa wingi; wakubwa wakakataa. Malalamiko yakawa fujo, fujo ikafika chuoni, wakaletwa askari wenye silaha nzito. Willie Grimes, mwanafunzi mwenye miaka 20, aliuawa kwa risasi. Mpaka leo aliyemuua hajulikani.

Ndugu viongozi, mji ni ule ule. Mwaka 1960 ugomvi ulipata meza na watu wa kuzungumza, hata kama kwa taabu. Mwaka 1969 jambo dogo la shule lilikosa sikio, likazaa kaburi. Nanyi ndugu muliokimbia, kudai haki si kosa. Mujipange, muchunge ushahidi wenu, na mikono yenu ibaki mitupu.

Mukirudi nyumbani muulizane: katika mtaa wetu, ni malalamiko gani madogo ambayo mpaka leo hayajapata mtu wa kuyasikiliza?