Njia Isiyokuwamo Ramanini

Msafiri atokaye Dar es Salaam kwa garimoshi, apitapo stesheni ya Ngerengere na kuelekeza macho upande wa kusini-magharibi, huiona milima ya Uluguru imesimama kama ukuta. Ndivyo alivyoiona Jemadari Jan Smuts mwezi wa Agosti, 1916. Na kwa kuiona hivyo akaponyokwa na adui ambaye alikwisha kumdhania yumo mkononi. Habari hiyo ni ya zamani, lakini kila afikiriye mafunzo ya wachambuzi wa habari za kijeshi huuliza mwanafunzi mpya aanzie wapi, nami sijui mahali bora kuliko hapo.

Smuts alikuwa amekwisha kuvuka mto Wami, baada ya mapigano ya Dakawa ya tarehe 17 Agosti. Shauri lake halikuwa na fumbo: wapanda farasi wa Enslin wazibe njia ya magharibi ya milima pale Mlali, vikosi vingine vishike njia ya mashariki, naye Lettow-Vorbeck abaki Morogoro, mgongo wake ukutani. Enslin akafika Mlali tarehe 24. Siku mbili baadaye majeshi ya Smuts yakaingia Morogoro. Mji wakaupata, jeshi hawakulipata. Katika taarifa yake ya baadaye Smuts mwenyewe alikiri kwamba wakati ule hakuwa na habari kuwa iko njia itokayo Morogoro kwenda kusini moja kwa moja, ikipasua milima mpaka Kisaki.

Hakuwa na habari! Wala njia hiyo haikuwa siri ya mtu. Waluguru huishi juu ya miteremko hiyo, hulima huko, na hushuka na mizigo yao kichwani. Mlima ukaliwao na watu haukosi njia. Na si kwamba Smuts hakuwa na wapelelezi. Mkuu wa upelelezi alikuwa Richard Meinertzhagen, aliyesimulia kwamba watu wake waliokota hata karatasi zilizotupwa katika vyoo vya kambi za Wajerumani, akapata humo majina na sahihi za maofisa. Basi aliyejua sahihi ya ofisa hakujua njia ya mchuuzi wa ndizi. Mimi naona sababu ni swali lenyewe. Aliyezoea kutafuta barabara ya magari na mizinga hawezi kuiona njia ya miguu, hata akiwa amesimama juu yake. Na jeshi la Lettow-Vorbeck, la askari Waafrika na wapagazi, lilikuwa jeshi la miguu.

Malipo ya kutojua yalikuja upesi. Brits na Nussey waliifuata Kisaki kwa njia mbalimbali, wasiweze kupashana habari. Mmoja akarudishwa nyuma tarehe 7 Septemba, wa pili tarehe 8, kila mtu peke yake. Vita viliendelea hata tarehe 25 Novemba, 1918, na waliobeba mizigo ya miaka hiyo miwili ya ziada, wakafa njiani kwa maelfu, walikuwa wapagazi wa nchi hizi.

Kile kisa cha karatasi za chooni nimekitaja kwa makusudi. Meinertzhagen alifariki mwaka 1967, akisifiwa kuwa bingwa wa upelelezi na wa elimu ya ndege. Baadaye wataalamu waligundua kwamba baadhi ya ndege wakavu aliowakusanya walikuwa wameibwa katika makumbusho na kubandikwa maandishi ya uongo; na mwaka 1907 ulipotimiza karne moja, yaani 2007, Brian Garfield akatoa kitabu kizima cha kutilia shaka masimulizi yake. Je, msomaji alikiamini kisa hicho alipokisoma? Wanazuoni wa pwani, kabla ya kuipokea hadithi, huuliza kwanza imepokewa kwa nani, naye kwa nani. Mchambuzi naye hana budi kuuliza hivyo.

Tena yako maneno. Mwaka 1951 wachambuzi wa Marekani waliandika kwamba shambulio juu ya Yugoslavia liyamkinike kwa uzito. Sherman Kent, aliyekuwa mwalimu wa historia katika Chuo Kikuu cha Yale kabla ya kazi hiyo, akawauliza wenzake walikusudia kiasi gani. Mmoja alikusudia 20 katika 100, mwingine 80, na wote walikuwa wameikubali sentensi ile ile! Sisi nasi tuna huenda, labda, yamkini, haikosi. Nani amepata kuyapima?

Kama shauri lingekuwa langu, juma la kwanza la mafunzo lisingekuwa la darasani. Wanafunzi wangetoka Morogoro kwa miguu, wakaipanda milima kwenda Kisaki bila ya ramani, wakiuliza njia kwa kila wamkutaye, kwa adabu. Na kila jioni kila mmoja angeandika katika kurasa tatu mbalimbali: aliyoambiwa na aliyemwambia, aliyoyaona kwa macho yake, na aliyoyakisia.